Tupeane uzoefu: ni lini ulitambua kwamba imani yako imeanza kukomaa?

Mwalimu wa Mbozi
Bwana Yesu asifiwe. Jumapili tulisomewa Marko 4:26–29, mfano wa mbegu inayoota na kukua mkulima akiwa amelala, nikamkumbuka marehemu babu, aliyekuwa mzee wa kanisa la Moraviani. Ujanani alijulikana kwa hasira, lakini uzeeni watu walimpelekea kesi za mipaka ya mashamba, na hapana aliyeweza kutaja siku aliyobadilika. Tumezoea kuulizana tarehe ya kuokoka. Leo naomba tusimulie yaliyofuata baada ya tarehe hiyo.

Dada wa Karagwe
Mimi nimelelewa na wazee wa Uamsho, ule mwamko wa kiroho makanisani ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930. Walikutana "kutembea nuruni", kila mmoja akiwaeleza wenzake alikoshinda na alikoanguka. Bibi aliokoka akiwa msichana, na hata alipokuwa anatembelea mkongojo bado alitubu mambo ambayo wengine hawayahesabu, kama vile kumjibu mkwewe kwa ukali. Kadiri alivyokua ndivyo macho yake yalivyozidi kuona.

Askari wa Msalaba
Ndugu zangu, tuwe waangalifu. 2 Wakorintho 5:17 inasema aliye ndani ya Kristo amekuwa kiumbe kipya. Habari hizi za polepole zinawafariji walio vuguvugu.

Mwanafunzi wa Theolojia
Mtumishi, aya hiyo waliandikiwa Wakorintho walewale ambao Paulo alikuwa amekwisha kuwaambia kwamba aliwanywesha maziwa kwa kuwa hawakuweza chakula. Petro naye, miaka mingi baada ya Pentekoste, alikemewa huko Antiokia kwa kujitenga na watu wa Mataifa mezani.

Askari wa Msalaba
Alikemewa, naam. Hakubembelezwa.

Mama wa Kwaya
Wanangu, hilo la kukemewa limenigusa pabaya. Nilipofiwa na mume wangu, mashemeji walikuja kabla hata matanga hayajaanuliwa, wakabeba kabati, godoro na cherehani niliyokuwa nikishonea sare za shule. Nilikuwa naimba sauti ya pili, na kila tulipofika katika Sala ya Bwana, pale pa kuwasamehe wadeni wetu, nilifumba mdomo na wenzangu wakaendelea. Viongozi wa maombi walisema nina roho ya uchungu, wakanikemea mapepo mbele ya watu, nikatoka pale nimeumia kuliko nilivyoingia. Mwinjilisti mmoja mzee ndiye aliyenijia nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akaniambia nisitamke nisichoweza kukimaanisha, ila nisiache ibada. Masika mengi yalipita. Kwanza niliacha kuwalaani nikiwa peke yangu. Baadaye nikaweza kusikia majina yao bila moyo kwenda mbio. Kisha shemeji mkubwa akapatwa na kiharusi, nami nikampelekea uji wodini. Ulimdondoka kidevuni, nikampangusa kwa kanga yangu. Jumapili iliyofuata niliisema sala yote. Cherehani sijarudishiwa hadi leo.

Dada wa Karagwe
Shikamoo mama. Pole sana, na ahsante.

Mjane Mwenzako
Mama, kusamehe ni sawa, lakini mali ya marehemu ina sheria zake. Ungefungua mirathi mahakamani, na uji ungeupeleka vilevile.

Askari wa Msalaba
Mama, nimekusoma mara mbili, na waliokukemea hadharani walikosea. Hata hivyo nasisitiza kwamba mtu akifunga na kuomba kwa bidii, uchungu kama huo haukai miaka.

Mkulima wa Njombe
Mtumishi, mfiwa umfungishe tena? Mimi nilipofiwa na mtoto sikuweza hata kuomba. Wanajumuiya walikuja kila jioni wakaniombea, nami nikiitikia "amina" tu. Imani yangu wakati ule waliibeba wao.

Mwalimu wa Mbozi
Hapo ndipo nilipotaka tufike. Kuna kijana ameniandikia faraghani kwamba ameokoka hivi karibuni na tayari anajiona amepoa. Aanzie wapi?

Mwanafunzi wa Theolojia
Asome Injili ya Marko, sura moja kwa siku. Ziko 16 tu.

Mkulima wa Njombe
Anayerudi shambani jioni sura nzima itamlaza. Nusu inatosha, mradi kesho aendelee.

Mama wa Kwaya
Na ajiunge na kwaya. Hata asiyejua kuimba tunampokea.