Kibanda cha Sukoti Dodoma: paa la mabua ya mtama litahimili upepo wa Septemba?

Fito_na_Kamba aliuliza:

Wakuu habari zenu. Kuna kikundi cha Wayahudi 14 watakaofikia nyumba ya wageni upande wa Nzuguni kwa Sikukuu ya Vibanda, yaani Sukoti, mwaka huu wa 2026, na kazi ya kibanda nimekabidhiwa mimi. Uwanja una mita 7 kutoka mashariki kwenda magharibi na mita 6 upande wa pili. Magharibi kuna mwarobaini mkubwa, matawi yake yanaingia uwanjani kama mita moja na nusu.

Nimeambiwa paa liwe la mimea. Nafikiria mabua ya mtama, au makuti ya kushonwa kutoka Pwani. Kuta nataka kuweka turubai. Naombeni msaada kwenye haya: vipimo na idadi ya vifaa, kama naweza kutandaza turubai jembamba chini ya mabua ili vumbi na majani yasidondoke mezani, kama kibanda kilichojengwa na mtu asiye Myahudi kinakubalika kwao, na siku ya mwisho ya kumaliza kazi.

Mabua_Makavu alijibu:

Mkuu, anza na kalenda, maana mwaka huu imebana. Siku ya Upatanisho inaanza Jumapili tarehe 20 Septemba jua likizama na kuisha Jumatatu tarehe 21 usiku. Sukoti inaingia Ijumaa tarehe 25 jua likizama, na kwa Dodoma hiyo ni kama saa 12 na nusu jioni. Desturi yao ni kuanza kujenga mara mfungo wa Siku ya Upatanisho unapokwisha, lakini nguzo na kuta unaweza kusimamisha hata mwezi mmoja kabla. Paa ndilo lisubiri: liwekwe ndani ya siku 30 kabla ya sikukuu, na liwekwe baada ya kuta kusimama. Hapo ndipo fundi aliyezoea nyumba za miti anapokosea, kwa sababu sisi huezeka kwanza ndipo tukakandika. Hapa ni kinyume. Lenga Alhamisi tarehe 24 paa liwe tayari, Ijumaa ubaki na meza na taa tu.

Kujenga wewe hakuna shida. Kibanda cha asiye Myahudi kinafaa mradi kimejengwa kwa ajili ya kivuli. Bakiza mabua kama 20 chini, wenyewe wakifika wayapandishe kwa mikono yao.

Turubai chini ya mabua: hapana, hata liwe jembamba kama khanga. Sheria yote ya kibanda imesimama juu ya jambo moja, kwamba mtu akae chini ya kivuli cha mimea iliyokatwa. Paa hilo wanaliita sekaki. Ukitandaza kitu chini yake, wageni wako watakuwa wamekaa chini ya turubai. Vivyo hivyo kwa kitu kilicho juu yake, na ndiyo maana mwarobaini ni hatari. Mti ambao bado umeshika mizizi hauwezi kuwa sekaki, na sehemu ya kibanda iliyo chini ya matawi yake inaharibika. Kwa bahati una nafasi. Ukitoa mita 1.5 za mti zinabaki 5.5, na kibanda cha mita 5 kwa 3 kinaingia. Kisogeze mashariki kabisa, kisha ukate ncha za matawi yanayoyumba kuelekea kwako.

Mita 5 kwa 3 inawatosha watu 14: saba kila upande wa meza, sentimita 60 kila mmoja, meza ya mita 4.2, na nafasi ya kupita nyuma ya benchi. Chukua mirunda 6 ya mita 3 kwa nguzo (pembe nne na moja katikati ya kila upande mrefu). Chimbia sentimita 60, zitabaki mita 2.4 juu. Ardhi mwezi huo ni ngumu kama saruji, kwa hiyo mwaga ndoo ya maji kila shimo jioni uchimbe asubuhi. Juu ya nguzo laza mirunda pande zote mbili ndefu, kisha fito 11 za mita 3.5 zikivuka upana, moja kila nusu mita. Misumari kwenye fremu haina neno.

Kuta zinaweza kuwa za kitu chochote: bati, tofali, mabanzi, matete. Turubai nalo linaruhusiwa, tatizo ni kwamba ukuta unaopeperuka hauhesabiwi kuwa ukuta, na wewe mwenyewe unaujua upepo wa Septemba. Ukilitaka turubai, funga fito za mlalo upande wa ndani. Ya kwanza iwe sentimita 22 kutoka ardhini, zinazofuata ziachane hivyohivyo, jumla tano. Kipimo chao ni kiganja, kama sentimita 8. Pengo lisilofika viganja vitatu linahesabiwa limezibwa, na ukuta wa viganja kumi kwenda juu unatosha. Kwa hiyo hata turubai likicheza, fito tano zenyewe ndizo ukuta. Zizungushe pande zote nne ukiacha mlango. Ila ningekushauri mabanzi upande wa mashariki na kusini, upepo unakotoka. Bati acha, mchana mtaiva.

Sasa paa. Bua la mtama lina unene wa sentimita 2 hivi na urefu wa mita 2. Yalaze kufuata urefu wa kibanda, juu ya fito, ukiacha sentimita moja kati ya bua na bua. Upana wa mita 3 unakula mabua 100, na urefu wa mita 5 unataka safu tatu zinazopishana kidogo, jumla 300. Agiza 350. Agiza mapema pia, maana Septemba malisho yamekauka na wafugaji wanayashikilia kwa ng'ombe. Pukuta majani yote makavu kabla ya kupandisha. Hilo ndilo jibu la majani kudondoka mezani, na ukihesabu kivuli hesabu shina peke yake, majani ya mtama hayavuki siku mbili. Mabua ya mahindi yanafaa lakini huvunjika. Matawi ya mwarobaini yaliyokatwa ni halali, ila katika ukavu huu yanamwaga majani haraka, na unayeezeka Alhamisi utakuwa huna kivuli Jumatatu.

Kuzuia upepo: laza fito tatu ndefu juu ya mabua, zifunge kwenye fito za chini kwa kamba za gome au ukindu. Usitumie waya wala kamba ya plastiki kushika mabua. Wanataka kinacholishika paa kiwe cha aina ileile ya paa, mmea usiotengenezwa kuwa chombo. Na ufunge kwelikweli, kwa sababu siku mbili za mwanzo mwaka huu ni Sabato na siku takatifu. Upepo ukiling'oa paa Jumamosi, hawatalirudisha.

Makuti ya kushonwa nayo ni halali, kwa kuwa yameshonwa kwa kivuli. Mkeka haufai, umefumwa wa kulalia. Lakini fundi makuti atayapandanisha kama alivyozoea, mvua isipite, na hapo ameliharibu. Sekaki inatakiwa mvua kubwa ipenye na usiku nyota kubwa zionekane. Iwe na kivuli kingi kuliko jua, basi. Kagua Alhamisi saa 6 na nusu mchana, siku hizo jua liko karibu utosini kabisa hapa kwetu: sakafuni doa la kivuli lizidi doa la jua kila mahali, na pasiwe na tundu la sentimita 24.

Mama_Zabibu alijibu:

Mwanangu, aliyetangulia amekueleza vizuri. Naongeza ya mezani na kitandani.

Usiku wa kwanza lazima kila mtu ale mkate ndani ya kibanda, walau kipande cha gramu 30. Baada ya hapo kila mlo wa mkate au wa kitafunwa cha unga unaliwa humo kwa siku zote. Maji, chai kavu na matunda vinaweza kunywewa na kuliwa barazani. Waambie wahudumu mapema, wasije wakatandika kifungua kinywa ukumbini.

Divai: msiwanunulie chupa ya Dodoma kwa ukarimu. Si kwamba ni mbaya. Divai ya kosher (inayokubalika kwa sheria yao ya chakula) lazima ishikwe na Wayahudi wenyewe tangu zabibu zinapokamuliwa. Zabibu zenyewe hazina shida, na msimu wa Agosti hadi Septemba zipo Hombolo na Mpunguzi. Wapelekeeni zabibu nzima, wazikamue wenyewe Ijumaa mchana. Maji ya zabibu mabichi yanafaa kwa kidushi, ile baraka ya kikombe, na kikombe kinataka mililita 86 tu. Kilo moja inatoa zaidi ya nusu lita. Iwekwe kwenye friji, joto letu linachachusha upesi. Jambo moja la kumuuliza mkulima: mzabibu una miaka mingapi? Matunda ya miaka mitatu ya mwanzo hawali kabisa.

Mkitaka kupamba kwa vishada, vining'inie karibu na paa, visishuke zaidi ya sentimita 30, na msivile. Pambo la kibanda limetengwa hadi sikukuu iishe, labda wawe wameweka sharti kwa kutamka kabla jua la Ijumaa halijazama. Tena nyuki watakuja. Mimi ningetundika mabuyu makavu na masuke ya mtama.

Chandarua ndicho wengi hawakijui. Kile cha duara chenye pete juu kinatengeneza kipaa ndani ya kibanda, na anayelala chini yake ni kama hajalala kibandani. Cha pembe nne vilevile. Funga kamba moja kutoka ukuta hadi ukuta juu ya kitanda, kining'inize kama hema, kisiwe na bapa la upana wa kiganja juu. Mbu wakizidi, sheria yenyewe inamruhusu mtu akalale chumbani, maana anayeteseka kibandani hawajibiki kukaa. Malaria haichezewi.

Mtende_Wima alijibu:

Hakuna aliyegusa mimea minne, ile wanayoishika mkononi katika sala za sikukuu hii. Najua mkuu umeulizia kibanda, lakini wasipokuja nayo watakuuliza wewe, na sokoni Majengo hutaipata.

Inatakiwa etrogi moja (tunda la jamii ya limau), lulavu moja (kuti changa la mtende ambalo halijafunguka), matawi matatu ya mhadasi ambayo majani yake yameota matatumatatu kwenye fundo moja, na matawi mawili ya mwerebi. Limau si etrogi. Etrogi ina ganda nene lenye vinundu na maji kidogo, nayo haitakiwi kupandikizwa kwenye limau. Kukosa mmoja ni kukosa yote, kwa hiyo usijaribu kubuni. Wanaoagiza kutoka nje wapate kwanza kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania pamoja na cheti cha afya ya mimea cha nchi inakotoka, vinginevyo mzigo utazuiwa uwanja wa ndege.

Seti moja inawatosha wote 14. Mwaka huu siku ya kwanza ni Sabato, mimea haishikwi. Wanaanza Jumapili tarehe 27 hadi Ijumaa tarehe 2 Oktoba. Jumapili kila mmoja anatakiwa ashike iliyo mali yake, basi mwenye seti humpa mwenzake zawadi kwa sharti airudishe, naye humpa wa tatu.

Kinachoharibika kwanza Dodoma ni mwerebi. Hewa kavu inaukausha ndani ya siku mbili tatu. Uviringe pamoja na mhadasi kwenye kitambaa kilichokamuliwa, kisha kwenye karatasi ya foili, mahali pa baridi. Kitambaa kikilowa chapachapa majani yanageuka meusi na kupukutika. Agizeni mierebi ya akiba, na Ijumaa tarehe 2, siku ya Hoshana Raba (siku ya saba ya Sukoti), kila mtu anahitaji matawi mengine matano ya mwerebi ya kupiga chini baada ya kuzunguka mara saba wakisali.

Fito_na_Kamba aliandika:

Shikamoo Mama Zabibu, na asanteni sana wakuu. Mwarobaini nitakata ncha, turubai la chini nimelifuta. Yamebaki mawili: taa, na siku ya kuvunja kibanda.

Mabua_Makavu alijibu:

Taa ziwashwe Ijumaa kabla ya saa 12 jioni na zisiguswe hadi Jumapili usiku. Hawawashi wala hawazimi, na kukuagiza wewe uwashe nako kuna mipaka yake. Weka balbu ndogo za LED, uangalie LUKU ina uniti za kutosha siku tatu. Umeme ukikatika gizani hakuna wa kwenda kununua tokeni. Jikoni vilevile, chakula cha Jumamosi kiive chote Ijumaa. Jumapili wanaweza kupika lakini kwa moto uliokuwa unawaka tayari, hivyo waache mshumaa wa siku mbili ndani ya kioo, nyumbani, mbali na kibanda. Mabua makavu na upepo ule, cheche moja inatosha. Ndoo mbili za mchanga mlangoni. Moto ukishika zima mara moja, kuokoa uhai kunatangua Sabato.

Kuvunja ni Jumatatu tarehe 5 Oktoba. Wakaao nje ya Israeli hula kibandani hata Jumamosi tarehe 3, na Jumapili tarehe 4 ni Simhat Tora, bado siku takatifu. Siku hiyo ondoa viti ukumbini, acha meza moja imara ya kusomea. Wakija na gombo la Tora na wakatimia watu wazima 10 (Waorthodoksi huhesabu wanaume waliotimiza miaka 13, jumuiya nyingine huhesabu na wanawake), watazunguka nalo mara saba wakiimba na kucheza, wamalize Kumbukumbu la Torati na kuanza Mwanzo papo hapo. Siku moja kabla wanaanza kutaja mvua katika sala, nasi Dodoma tunakuwa tunaitazama Desemba.

Kabla ya hapo usichomoe hata kijiti cha kuchokolea meno kwenye paa, na mbuzi wasisogee. Kwa njaa ya mwezi ule watakula kuanzia pembe ya kusini hadi mlangoni. Funga banda lao tangu Alhamisi.