Naomba ushauri: kihisi cha mwanga na seli za tumbaku zinazoshikana mabonge

Wakuu, habari zenu. Nakuza seli za tumbaku aina ya BY-2 kwenye kimiminika chenye virutubisho, ndani ya chupa zinazotikiswa gizani. Nataka kufuatilia ukuaji bila kufungua chupa, maana kila ukifungua unakaribisha bakteria. Chini ya chupa nimefunga kihisi kinachotuma mwanga wa infraredi wa nanomita 850 na kupima ule unaorudi.

Mwanzoni namba hupanda vizuri. Baadaye seli hushikana mabonge na usomaji unarukaruka kama panzi. Nimejaribu kuchukua wastani wa dakika nzima. Mstari unatulia, ila bado hauendani na uzito mkavu wa seli (yaani uzito wake baada ya kukaushwa). Kusimamisha mtikiso wakati wa kupima ndiyo mbaya zaidi, kwani seli hizi huzama upesi. Kihisi chenyewe sidhani ni kibovu, kwenye hamira kinasoma safi kabisa.

Je, mchanganyiko ukishakuwa mzito hivi, mnapima mwanga unaorudi au unaopenya? Na kuna namna ya kutenganisha ishara ya mabonge na ya seli kuongezeka, au nihamie kwenye kupima oksijeni iliyoyeyuka?