Kabla ya kujitolea katika majaribio ya dawa

Swali (Mkazi wa Mikindani): Ndugu zangu, mdogo wangu ameombwa ashiriki katika majaribio ya dawa ya kukinga malaria. Aulize nini kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa?

Jibu (Mstaafu, Lindi): Dada, kwanza aulize iwapo utafiti huo una kibali cha kimaadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Fomu iwe ya Kiswahili, naye aisome nyumbani bila kuharakishwa.

Jibu (Muuguzi, Masasi): Naongeza jambo ambalo wengi hulipuuza: huenda akapangwa kwa bahati nasibu katika kundi linalopewa dawa bandia (yaani kitu kinachofanana na dawa ila hakina dawa ndani, cha kulinganishia tu), na mara nyingi hata daktari anayemhudumia hatajua yumo kundi lipi. Aulize pia nani atagharamia matibabu endapo atapata madhara. Kurudishiwa nauli ni vyema, lakini isiwe sababu ya kukubali.

Muulizaji: Nashukuru. Je, akishaanza anaweza kuacha?

Muuguzi: Anaweza wakati wowote, bila kutoa sababu wala kunyimwa matibabu yake ya kawaida, ila awaarifu watafiti mapema, maana baadhi ya dawa si salama kukatishwa ghafla.