Pasi mpya haiui muhuri wa ukaazi! Watu wa kaunta na madalali wa viza, mtuache

Wakuu, salaam. Nina hasira na sitazificha.

Kuna uongo unazunguka Dar es Salaam, na sisi wa Mtwara na Lindi tunaulipia ghali kuliko wengine. Uongo wenyewe ni huu: ukishapata pasi mpya ya kusafiria, muhuri wa ukaazi uliogongwa kwenye pasi ya zamani umekufa, hivyo lazima “ukahamishwe” kwanza ndipo upande ndege. Kwa muhuri kama wangu wa Uingereza hiyo si kweli hata kidogo, na wanaotuambia hivyo wana njia ya kuhakikisha palepale walipokaa.

Mimi naishi Birmingham, kwetu ni Mikindani. Ruhusa yangu ya kukaa Uingereza bila kikomo niligongewa mwaka 2006, enzi hizo wanagonga kwenye kitabu, kadi za ukaazi bado. Kile kitabu kikaisha muda wake, nikachukua kingine, halafu ikaja pasi ya kielektroniki iliyozinduliwa Januari 2018 na sote tukatakiwa tubadilishe. Muhuri haukuhamia popote, na haukutakiwa kuhamia. Pasi ya zamani ilifutwa kwa kukatwa pembe nikarudishiwa mwenyewe, kwa sababu ndani yake mna ruhusa iliyo hai. Kila safari nabeba zote mbili, mpya ya kunitambulisha na ya zamani ya kuonyesha muhuri. Maafisa wa uhamiaji wa kule kule wanazipokea zote mbili bila neno.

Safari hii nilikuja kwenye msiba wa mama mkubwa. Siku ya kurudi nimefika kaunta ya shirika la ndege mapema, mabegi yameshapimwa, kijana anaangalia pasi mpya, anaandika kwenye kompyuta, ananiangalia.

“Mama, mbona huna viza?”

Nikamtolea ya zamani kutoka kwenye nailoni yake, nikamfungulia ukurasa. Hakuusoma. Akaifunga, akaweka kidole pale kwenye pembe iliyokatwa, akasema, “Hii imefutwa. Na kila kilichomo ndani kimefutwa. Nenda kahamishe muhuri kwenye pasi mpya, ndipo urudi.” Nikamwambia baba, kilichofutwa ni kitabu, ruhusa ni yangu mimi mwenye jina hilo. Nikamwomba aite mkubwa wake. Akaja dada mmoja, naye hakufungua ule ukurasa. Aliangalia pembe tu. Mabegi yakashushwa kwenye mzani mbele ya foleni nzima.

Sasa nisomeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha uzi huu. Hilo jambo waliloniagiza nikalifanye HALIFANYIKI ukiwa Tanzania. Kugeuza muhuri wa zamani kuwa viza ya mtandaoni kupo, ni maombi yanayopelekwa kwa serikali ya Uingereza, siku hizi hayana ada, lakini sharti uwe ndani ya Uingereza unapoomba. Kwa hiyo mtu anakwambia huwezi kupanda ndege mpaka ufanye kitu ambacho huwezi kukifanya mpaka upande ndege. Na anakwambia kwa sauti ya upole, kana kwamba anakusaidia!

Najua mabadiliko yamewachanganya watu. Kadi nyingi za ukaazi za kule zilikomea tarehe 31 Desemba 2024, ruhusa zikahamia mtandaoni. Wenye viza ya mtandaoni ni kweli wanatakiwa waingie kwenye akaunti zao waandike namba ya pasi mpya, vinginevyo mfumo wa ndege unaweza usiwaone. Ndugu zangu wa kundi hilo, fanyeni hivyo kabla hamjafunga mabegi, msingoje. Lakini wenye muhuri wa wino kwenye kitabu tuna utaratibu wetu. Serikali yao inatushauri tugeuze, haijatulazimisha, na imeandika wazi kwamba muhuri unaendelea kutumika kusafiria.

Najua pia hofu ya mashirika ya ndege. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1999 inawatoza pauni 2,000 kwa kila abiria wanayemfikisha bila karatasi halali. Sawa, ogopeni. Lakini kwa sababu hiyo hiyo serikali ya kule imewawekea kituo cha simu cha mashirika ya usafiri, saa 24, siku saba za wiki. Unapiga, unasoma jina na namba, unajibiwa mpandishe au usimpandishe. Simu ilikuwa mezani karibu na mkono wa yule kijana. Niliomba apige. Akasema, “Sisi hatuna utaratibu huo.”

Mnao. Nasema mnao, kwa sababu nilipokuja kurudi tena, kaunta ya shirika lile lile, zamu nyingine, mama mmoja mtu mzima alifungua ukurasa, akausoma, akanyanyua simu, akaongea kidogo, akanipa pasi ya kupandia. Pasi zile zile mbili, muhuri ule ule. Hakuna kilichobadilika isipokuwa mtu aliyekaa kwenye kiti.

Mtu wa Sinza akirudishwa anachukua bodaboda anakwenda kulala kwao. Sisi je? Mimi Dar sina ndugu wa kunilaza na mabegi, ikabidi nikapande basi Mbagala, zaidi ya kilomita 500, mpaka stendi ya Mkanaledi, Mtwara. Barabara ni ile ile ambayo Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliikata kule Somanga, watu wakalala njiani na watoto. Halafu nauli ya kurudi tena Dar. Halafu tofauti ya tiketi, ambayo wadogo zangu wamechangishana kwa hela ya korosho iliyokuwa imetengwa ya dawa ya salfa. Barua ya malalamiko nimeshaiandikia ile kampuni, jibu lao ni kwamba abiria ndiye anayewajibika kuwa na hati kamili. Nilikuwa nazo kamili! Ziko mbele yenu, hamkutaka kuzisoma.

Kuna lililoniuma kuliko la kwangu. Nikiwa nyumbani habari zilienea, nikaletewa mzee mmoja wa Shangani ya Mtwara, baharia wa zamani, ana muhuri kama wangu. Alikuja kuuguza mkewe. Naye alirudishwa uwanjani kwa maneno hayo hayo, na nje ya pale akakutana na kijana wa “ofisi ya viza” akamwambia atamhamishia kwa laki sita. Mzee ametoa laki nne za kutanguliza. Ananionyesha risiti ya kuandikwa kwa mkono, haina muhuri, haina anwani, imeandikwa tu “transfa ya viza”. Kila akipiga simu anaambiwa faili liko ubalozini.

Hakuna faili. Ubalozi hauhamishi mihuri hiyo. Na mzee huyo ana saa inayomkimbiza: ruhusa ile ukikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka miwili mfululizo inapotea yenyewe, uanze kuomba viza ya mkaazi anayerejea, kwa ada na kwa maelezo ya kwa nini ulichelewa. Yeye mwaka wa kwanza umeshapita muda mrefu. Huyo dalali anayemwambia “subiri baba” anamla hela na anamla haki ya kurudi kwenye nyumba na pensheni aliyoihangaikia ujana wake wote. Huo ni wizi, tuuite hivyo.

Nisije nikawapoteza wengine, kila nchi ina lake. Marekani viza iliyo hai kwenye pasi iliyoisha inabaki hai, unabeba pasi zote mbili, na ole wako uibandue ukaibandike kwenye mpya, hapo ndipo unaiua. Afrika Kusini kuhamisha kupo kweli, unapeleka maombi rasmi. China mwenye kibali cha ukaazi anatakiwa aripoti mabadiliko ya pasi ndani ya siku 10, wanafunzi wetu kule wanalijua hilo. Kwa hiyo neno la dalali mmoja, au la mtu wa kaunta ambaye jana yake alimhudumia abiria wa nchi nyingine, si sheria. Soma tovuti ya serikali ya nchi unayokwenda, chapa ule ukurasa, beba.

Ninachotaka ni hiki. Mashirika ya ndege yanayouza tiketi hapa nchini yawafundishe watu wao kufungua ukurasa na kupiga ile simu kabla ya kumshusha mtu mabegi. Wakikosea wao, tiketi walipe wao. Na mamlaka za usafiri wa anga zinapopokea malalamiko ya namna hii zisituulize kama tulikuwa na viza, ziulize shirika kama lilipiga simu.

Mzee wa Shangani anasafiri mwezi huu. Nimemchapia maelekezo ya serikali ya Uingereza, yeye na mwanawe wameyaweka pamoja na pasi mbili. Kuhusu zile laki nne, mwanawe anafungua kesi polisi na risiti anayo. Kama uko Lindi, Masasi, Newala, Tandahimba au popote na umetoa hela kwa “transfa ya viza” ukapewa risiti ya mkono kama ile, niandikie faragha. Risiti moja polisi wataiweka kwenye droo. Zikiwa nyingi, atatafutwa.