Wiki ya tano Ujerumani, kila siku nalia bafuni. Nivumilie au nirudi nyumbani?

Binti wa Marangu

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Nina miaka 20. Nilimaliza kidato cha sita mwaka jana, nikasoma Kijerumani mpaka A2, ngazi ya pili ya wanaoanza, na kabla ya kuingia chuo nikapata mwaka mmoja wa kujitolea Ujerumani kupitia usharika wetu na usharika rafiki wa huku. Niko kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mji mdogo karibu na Stuttgart. Chumba nalipiwa, bima nalipiwa, posho yuro 420 kwa mwezi. Ukisoma mkataba, sina cha kulalamikia.

Lakini wakuu, nimechoka. Zamu ya asubuhi inaanza saa kumi na mbili na nusu. Kijerumani nilichofundishwa sikisikii popote, wazee wanaongea lahaja ya kwao na meno hawana. Msimamizi akinieleza jambo naitikia "ja, ja", kisha nakosea. Juzi aliniambia mbele ya wenzangu: "Jana nilikueleza, ukasema umeelewa." Hakupaza sauti, lakini nilitetemeka mwili mzima. Kuna bibi mmoja hataki kabisa nimguse, akiniona anapiga kelele. Na kwenye jengo ninapokaa jirani alinigongea mlango kwa ukali, kumbe kulikuwa na kibao kwenye mlango wangu wiki nzima na maana yake zamu ya kufagia ngazi ni yangu. Mimi nilidhani ni pambo.

Nyumbani hawajui lolote. Ndugu walichanga nauli, shangazi aliuza mbuzi wawili, kanisani nilisimamishwa mbele nikaombewa. Mama akipiga nasema "niko salama, kuzuri sana". Na sasa binamu yangu ameanza kuniomba hela ya bodaboda.

Nivumilie au nirudi? Naombeni mnishauri kama dada yenu, kama mtoto wenu.

Nesi wa Mannheim

Pole sana mdogo wangu. Nina miaka sita huku, nilikuja kama au pair, yaani unakaa na familia na kuwasaidia kulea watoto, sasa ni muuguzi. Naomba usome taratibu.

Hiyo "ja, ja" ndiyo inayokuumiza kuliko yote. Sisi mkubwa akiongea tunaitikia, hata kama hatujaelewa, kwa sababu kumkatiza ni kukosa adabu. Mjerumani akisikia "ja" anajua umeelewa na kazi itafanyika. Isipofanyika, anakuona mwongo au mzembe, na hapo ndipo uso unabadilika. Kesho mwambie: "Sijaelewa, naomba unionyeshe." Kisha mrudie kwa maneno yako alichosema. Beba kidaftari mfukoni, andika neno lolote la kazi utakalosikia. Hakuna atakayekucheka, wanapenda mtu anayeandika.

Mimi nilinyamaza na nikalipia. Au pair kisheria ni saa 30 kwa wiki, posho yuro 280. Familia yangu ya kwanza ilinifanyisha saa zaidi ya 45 na nikakaa kimya miezi minne, nikiona kudai ni utovu wa heshima. Siku niliyosema, nilibadilishiwa familia ndani ya wiki tatu. Miezi minne ile haitarudi.

Wewe una shirika lililokuleta, na wanaojitolea lazima wawe na mtu wa kuwasimamia na kuwasikiliza. Huyo si msimamizi wako wa zamu. Tafuta jina lake kwenye makaratasi yako, mwandikie leo. Kituo kinaweza kubadilishwa, ila usihame mwenyewe kimyakimya, kibali chako cha kukaa kimefungwa na kazi hiyo. Halafu una siku 25 za semina kwa mwaka, zinahesabika kama siku za kazi, na utakutana na wenzio wanaolia bafuni vilevile.

Kuhusu bibi: uliza kama ana ugonjwa wa kusahau. Mgonjwa wa namna hiyo humkataa hata mwanawe wa kumzaa. Usimshike kwa nyuma, simama mbele, inama macho yenu yalingane, taja jina lako kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza. Lakini kama ana akili timamu na anakutukania rangi yako, hilo si la kuvumilia. Liripoti, liandikwe.

Kibo73

Wengi watakuambia vumilia tu, mimi natofautiana nao kidogo. Mimi nilienda Denmark nikae mwaka, nikarudi baada ya miezi miwili tu na sijuti, nilikuwa silali wala sili. Dada, unalala? Unakula? Kama hapana, muone daktari wiki hii, bima unayo. Nauli ya mbuzi wawili haizidi uhai wako.

Mzee wa Esslingen

Marahaba mwanangu. Nimekaa pande hizo toka 1994.

Kile kibao huku Swabia, eneo hili la Stuttgart, ni desturi ya miaka mingi. Zamu ikiisha unakitundika mlango wa jirani anayefuata. Fagia, piga deki, kisha mgongee huyo aliyekuja kwa ukali, mwambie wewe ni mgeni na hukujua. Mpelekee hata maandazi. Mimi jirani yangu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kunifundisha kuendesha gari kwenye barafu.

Baridi bado haijaja. Desemba jua litazama kama saa kumi na nusu jioni, nawe zamu ya asubuhi utakwenda gizani. Siku ya mapumziko toka nje mchana, hata nusu saa, usijifungie. Koti nunua la mtumba, yapo mazuri kwenye maduka ya misaada, pesa weka kwenye viatu. Na Jumamosi hakikisha una chakula, Jumapili maduka yamefungwa.

Binamu mwambie hivi: "Posho yangu ni ya chakula na nauli." Basi. Usitume hata shilingi mpaka ujue mwezi wako unaishaje.

Mama Neema wa Moshi

Mwanangu, mimi ni mama, nina binti wa umri wako. Nakuambia mama yako anajua. Mtoto akisema "kuzuri sana" kila siku kwa sauti ileile, mama halali. Unamwacha anahangaika gizani. Mwambie. Na usimpigie usiku ukitoka zamu ya jioni, huku tumeshalala. Saa zenu zikirudishwa nyuma mwisho wa Oktoba tutakuwa mbele saa mbili. Mpigie siku ya mapumziko, mchana, akiwa ametulia.

Shangazi hakuuza mbuzi ili uteseke.

Binti wa Marangu

Asanteni sana, nimesoma huku machozi yanatoka, ila si yale ya bafuni.

Kibo73, nakula, nalala kama saa tano kwa usiku. Nimeweka miadi kwa daktari hata hivyo.

Jana nilimwambia msimamizi sijaelewa jinsi ya kutumia ile mashine ya kumwinulia mgonjwa. Alishusha pumzi, akasema, "Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?" Akanionyesha mara tatu. Bibi ni kweli ana ugonjwa wa kusahau. Leo nimejitambulisha kwake mara nne, mara ya nne akaniachia mkono wake nimpake mafuta.

Mama nilimpigia mchana. Alinyamaza muda, akasema, "Nilikuwa nangoja useme." Tumekubaliana nikae mpaka Krismasi, kisha tuzungumze upya. Jirani bado sijamgongea, naogopa.

Mzee wa Esslingen

Mgongee Jumamosi asubuhi, si Jumapili.

Nesi wa Mannheim

Unavaa viatu namba ngapi? Nina buti za theluji namba 39, nimezivaa msimu mmoja. Nitumie ujumbe faragha nizipeleke posta.