Mgunga umenyang'anywa jina la Acacia: tukubali au tukatae?

Mwalimu, Mpwapwa
Wadau, naomba tulijadili hili. Juzi niliwatoa wanafunzi wangu wa baiolojia hadi kwenye mgunga ulio nyuma ya madarasa. Tukaokota maganda makavu, yamejisokota kama kamba iliyoachwa juani. Nikawaambia neno la pili la jina lake la kisayansi, tortilis, ni Kilatini, maana yake uliosokotwa. Wakaelewa papo hapo. Kisha binti mmoja akauliza: "Mwalimu, kitabu kinasema Acacia tortilis, simu inasema Vachellia tortilis. Kwenye mtihani tuandike lipi?"

Jibu lake linauma. Carl Linnaeus wa Sweden aliipa mimea majina ya maneno mawili mwaka 1753, la kwanza jenasi, yaani kundi la mimea ya ukoo wa karibu, na la pili spishi, yaani aina moja ndani ya kundi hilo. Kwa kanuni za leo kila jenasi huwa na spishi ya mfano, ile inayoshikilia jina jenasi ikigawanywa. Kwa Acacia, neno lenye asili ya Kigiriki linalohusu ncha na miiba, mfano ulikuwa mgunga wa Mto Nile. Mwaka 2005 huko Vienna wataalamu wa mimea, kwenye mkutano wao wa kimataifa, wakauhamishia mfano huo kwa spishi ya Australia. Zaidi ya nusu ya kura zilipinga, ila kulikataa pendekezo la kamati iliyoshauri uhamisho huo kulihitaji asilimia 60! Mwaka 2011 suala likarudi mezani Melbourne, Australia kwenyewe, na uamuzi ukabaki. Wetu sasa ni Vachellia, kumkumbuka George Harvey Vachell, kasisi Mwingereza aliyekusanya mimea China. Miti ya Australia, mingi haina hata mwiba, ndiyo imebaki na jina la miiba.

Mimi nasema vitabu vyetu vibaki na Acacia.

Bwana Miti, Kondoa
Mwalimu, uchungu wako naupata, lakini kukataa hapana. Jenasi ile ilikuwa kapu moja lenye miti isiyo ya ukoo mmoja, vinasaba vimeonyesha hivyo. Kugawanywa ilikuwa lazima, ugomvi ulikuwa nani abaki na jina. Australia wana spishi karibu 1,000, Afrika hazifiki 200. Tukishikilia letu peke yetu, mtafiti wa India akisoma ripoti yetu atadhani tunazungumzia mti wa Australia. Hapo jina la kisayansi lina kazi gani tena?

Mfugaji, Bahi
Mimi si msomi, ila haya yamenikuta. Nilitaka miche ya miiba nizungushie zizi la mbuzi. Kitalu kimoja wakaniuzia miche arobaini ya "akasia". Imekua, majani marefu laini, mwiba hata wa dawa hakuna. Fisi anapita kama kwao. Baadaye nikaambiwa asili yake ni Australia. Lakini mgunga huku anaujua hata mtoto anayechunga ndama. Kwa nini hilo neno lisiingie kwenye sayansi?

Mwalimu, Mpwapwa
Shikamoo mzee wangu wa Bahi. Pole sana, na hapo umegusa penyewe. Kanuni za majina ya kisayansi hazikatazi lugha yoyote. Tumbili wa Rungwe anaitwa Rungwecebus kipunji, kwa jina walilompa wenyeji. Dinosaria wa kusini magharibi mwa nchi yetu, aliyetangazwa mwaka 2019, anaitwa Mnyamawamtuka moyowamkia, yaani mnyama wa mto Mtuka, ambaye baadhi ya mifupa ya mkia wake ina umbo la moyo. Siku nilipoliandika jina hilo ubaoni, darasa zima lililisoma bila kukwama.

Ndugu wa Kondoa, kwenye hoja ya ripoti umenishinda. Darasani nitafundisha Vachellia tortilis, na mgunga nitauandika pembeni yake kwa herufi kubwa vilevile. Kuhusu ile kura ya Vienna sijatulia, na sitatulia. Mwaka 2024 mkutanoni Madrid pendekezo lililotoka Afrika Kusini lilipita: majina yenye neno caffra, tusi kwa Mwafrika, yawe affra. Spishi zaidi ya 200 zimeguswa. Wenzetu walikwenda na hoja iliyoandikwa na kura zikahesabiwa. Kwenye mikutano hiyo hata taasisi zenye hifadhi za mimea iliyokaushwa zina kura zake. Mlio vyuoni, hapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na kwingineko, tuambieni: mkutano ujao nani anakwenda kutusemea?