Naomba ushauri: Je, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani na yaliyofuata tuyafundishe kuwa ni mapinduzi?

Mwalimu_Chumbageni:
Ndugu wanajukwaa, nafundisha Historia kidato cha sita hapa Tanga mjini. Wanafunzi wangu wanaandaa mdahalo kuhusu vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865, kati ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yenye watumwa, pamoja na kipindi cha ujenzi mpya wa Kusini (Reconstruction) kilichoendelea hadi 1877. Upande mmoja unadai kuwa yalikuwa mapinduzi kamili. Wa pili unashikilia kwamba serikali iliyokuwa madarakani ndiyo iliyoshinda, kwa hiyo hakuna kilichopinduliwa. Naelemea upande wa kwanza, ila sijapata namna ya kueleza kwa nini baada ya muda mfupi wengi wa watumwa walioachwa huru walikuwa wakilima tena mashamba ya mabwana wale wale. Niwaongozeje bila kuwapotosha?

Mzee_wa_Pangani:
Mwalimu, waanze na mali kabla ya kufika ikulu. Watu wapatao milioni 4, waliokuwa wakiuzwa na kurithiwa, waliachwa huru kwa Marekebisho ya 13 ya Katiba mwaka 1865, na yale ya 14, mwaka 1868, yakapiga marufuku kuwalipa mabwana fidia yoyote. Linganisha na huku kwetu pwani: Unguja mwaka 1897 mabwana waliruhusiwa kudai fidia, na Tanganyika utumwa ulifutwa mwaka 1922 kwa sheria ya Waingereza, wala hakuna anayeuita mwaka huo wa mapinduzi. Kule tabaka zima lilipoteza mali yake kuu bila malipo, tena baada ya Weusi wapatao 180,000 kubeba bunduki katika jeshi la Kaskazini, yaani la serikali kuu. Kwangu hayo ni mapinduzi.

Binti_Ngamiani:
Shikamoo mzee. Naomba nitofautiane nawe kwa heshima, kwa sababu umeiruka ardhi. Januari 1865 Jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini aliamuru mashamba ya pwani ya South Carolina, Georgia na Florida yagawiwe walioachwa huru, kila familia isizidishe ekari 40. Kabla mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson alikwisha kuamuru yarudishwe kwa wenyewe. Sisi tuliokulia kwenye kambi za mkonge tunamjua manamba, kibarua wa mkataba: kisheria ni mtu huru, lakini hana shamba, na kadi yake ya kazi haijajaa, basi ataondokaje? Unguja baada ya 1964 watu waligawiwa eka tatu tatu, na ndiyo maana neno mapinduzi halibishaniwi kule.

Mzee_wa_Pangani:
Marahaba binti. Kuhusu ardhi umenishinda, nami nakubali. Lakini usiisahau kura: mwaka 1870 Mississippi ilimpeleka Hiram Revels kuwa seneta Mweusi wa kwanza wa Marekani, na ilibidi watu wauawe, majeshi ya serikali kuu yaache kuwalinda mwaka 1877, kisha Katiba ya Mississippi ya 1890 iweke kodi ya kura na mtihani wa kusoma, ndipo haki ile ikazimwa. Nguvu kubwa namna ile haitumiki kuzima kitu ambacho hakikuwepo.

Mwalimu_Chumbageni:
Nawashukuru sana. Nimeibadilisha mada, sasa itasomeka: “Mapinduzi ya Marekani ya 1861 hadi 1877 yalizimwa kwa sababu hayakugusa ardhi.” Binti, ukiridhia, hoja yako ya manamba nitawapa upande unaounga mkono, maana baadhi yao babu zao walikata mkonge Muheza na Korogwe.